Karate ya Stoo ya Spea

Mtu wa kwanza kuniita mwalimu alikuwa jamaa mkubwa kama kabati, msagaji wa unga kwa posho mill pale mtaani Bondeni, na wakati alinipa hicho cheo nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja nyuma ya nyumba za kanju, zile za baraza la mji, nikijaribu nisianguke. Nilianguka. Yeye akafikiri ni sehemu ya somo, akaanguka pia. Hivyo ndivyo niliingia kwa ualimu.

Wacha niseme ukweli kuhusu elimu yangu, kwa sababu bado kuna watu hai wa kunisuta. Watu wengine husema waliacha shule. Mimi shule ndiyo iliniacha, katikati ya fomu tu, yaani kidato cha pili, na haikugeuka nyuma hata mara moja kuangalia kama nafuata. Nikaandikwa kazi na Muhindi mmoja mwenye duka la spea za magari hapo Nakuru mjini. Tulimwita tajiri, kama kila mtu siku hizo alivyomwita mwenye kazi. Mimi nilikuwa wa stoo: kufungua masanduku kwa mtaimbo, kupangusa grisi, kupanga vitu kwa rafu, na kuulizwa mbona nimevipanga hivyo. Ilikuwa miaka ya sabini, pikapu za Kijapani zimeanza kujaa barabarani. Wakulima wa Njoro na Subukia waliziamini, wakazibebesha viazi kama lori, zikavunjika, na masanduku ya spea yakazidi kuja.

Sasa, hao Wajapani hawakutaka chuma kigongane na chuma njiani. Kila nafasi kwa sanduku waliijaza makaratasi yaliyofinywa. Sisi tulikuwa tunawashia nayo jiko la chai. Siku moja nimeshika karatasi na kiberiti tayari, nikaona mguu. Ni mguu wa kuchorwa, umeenda juu, na pale mguu ulipoishia palikuwa na taya ya mtu mwingine. Nikazima kiberiti. Nikanyoosha ile karatasi kwa goti, jioni nikaipiga pasi ya makaa. Kwa miezi mitatu nilikusanya kurasa kama arobaini, wenzangu wakaanza kunilaumu kwa sababu chai ilikuwa haichemki. Halafu, chini ya gia boksi moja, nikapata kitabu kizima.

Kilikuwa kinene kama nusu mkate, jalada limelowa mafuta. Ndani ni michoro tupu mwanzo mpaka mwisho, na maandishi kama kuku amekanyaga wino akapita. Nilimwonyesha tajiri. Akageuza kurasa mbili, akauliza kama kabureta zote zimefika, nikasema zimefika, akanirudishia. Basi kikawa changu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana mwembamba, nywele kama ufagio, na wenzake wanne. Hawakuwa mabingwa wala askari. Ni vijana tu wa mtaani wanaojifunza kupigana bila viatu, halafu wanaenda kushindana na vijana wa mitaa mingine. Nilimpenda yule kijana sana. Alikuwa na kaptura iliyoraruka pale pale yangu ilikuwa imeraruka.

Nilikifungua vile tulifundishwa kufungua kitabu tangu darasa la kwanza: jalada mkono wa kushoto, twende. Ukurasa wa kwanza kijana wangu amelala chali, jicho limefura, mdomo damu, wenzake wanalia. Nikasema, hii hadithi inaanza kwa moto. Ukurasa unaofuata anainuka kutoka chini kama ameitwa. Halafu anapigana, na kila ukurasa uso unazidi kupona. Jicho linafunguka, damu inarudi mdomoni, mpaka katikati ya kitabu uso ni safi kama wa bwana arusi. Mbele zaidi anapiga vipande vya mbao kwa ngumi na vinashikana kuwa ubao mzima. Mwisho kabisa anarudi nyumbani, mama yake amesimama mlangoni analia kwa furaha, na kijana anaingia ndani kulala.

Mtu mwenye akili angeshtuka pale kwa mbao. Mimi nilikwama hapo wiki mbili, halafu nikaamua hiyo ni karate ya watu wa juu, tutaifikia.

Ndiyo nikaanza kufundisha. Kila Jumapili mchana, nyuma ya nyumba, upepo ukitupeperushia vumbi la magadi kutoka ziwani, nilisimama na kitabu mkononi mbele ya watu tisa. Niliwafundisha kwamba pigano huanza ukiwa umelala chali, na kutoka hapo unaruka juu. Ngumi, niliwaambia, huanzia kwa uso wa mtu: unaiweka taratibu kwa shavu la mwenzako, halafu unaivuta kwa nguvu zako zote mpaka kiunoni. Mwisho, mkishamaliza, mnainamiana kwa heshima. Baada ya nusu mwaka Bondeni ilikuwa na vijana tisa ambao wangeweza kutoa ngumi kwa uso wa mtu kwa kasi ambayo mpaka leo sijaona popote.

Na walinipenda. Hiyo ndiyo naomba uelewe, la sivyo utaniona mtu mbaya. Kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi mimi nilikuwa mtu wa mtaimbo, naitwa "wewe". Jumapili nilikuwa mwalimu. Mathe wa mandazi alikuwa ananichagulia kubwa. Kijana wa Kalasinga, fundi mbao kama baba yake, alikuja na kilemba chake kimefungwa vizuri na mabaki ya mbao kwa gunia, akaketi pembeni akizipiga ngumi ili zishikane, na kila jioni alikuja kuniuliza amekosea wapi. Mimi, ambaye mwalimu wangu wa hesabu alisema kichwa changu ni cha kubebea kofia, niliulizwa mtu amekosea wapi. Na nilijibu. Nilimwambia anapiga kwa haraka sana.

Sasa dereva mmoja wa lori ya viazi akapeleka habari zetu kule juu, karibu na Sachangwan, kwa vijana wa shamba la miti. Wale nao walikuwa na kikundi chao, wanafundishwa na mzee aliyekuwa askari. Wakatuma barua: njooni Jumapili fulani, baada ya kanisa, mtu wenu mmoja na mtu wetu mmoja, kwa urafiki tu. Nilijibu kwa Kiingereza cha fomu tu, tena nusu yake, kwamba tutakuja. Tukamchagua yule wa posho mill, kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye alikuwa anaamini kuliko wote.

Ikabidi tushone nguo. Wa posho mill alileta magunia ya kitambaa ya unga, yale meupe, nami nikayapeleka kwa fundi wa cherehani, mzee Mwislamu aliyekuwa anashonea kwa veranda yake karibu na msikiti. Fundi hakuwahi kushona nguo za karate, akataka kuona mfano. Kwa hivyo Alhamisi nikampelekea kitabu. Alikiangalia sana mikono na kola, akapima kwa macho, akaingia ndani kutafuta uzi. Binti yake alikuwa ameketi hapo hapo akishona vifungo vya koti la mtu. Alikuwa wa rika langu, na kila alasiri aliwasomesha watoto wa jirani msahafu kwa hiyo hiyo veranda. Nilikuwa nimeanza kumwonyesha michoro, ili ajue naongea naye mtu wa aina gani.

"Mbona unakishika hivyo?" akaniuliza.

"Hivyo vipi?"

Akakichukua, akakigeuza, mgongo wa kitabu ukawa mkono wake wa kulia, akafungua kama anavyofungua msahafu kila siku. Hakufikiri hata kidogo. Akaanza kugeuza kurasa polepole na mimi nimeinama juu ya mgongo wa kiti.

"Huyu mama analia kwa sababu mtoto anaondoka nyumbani," akasema. "Hapa anavunja mbao. Hapa wanasalimiana kwanza. Hapa wanaanza kupigana." Aligeuza nyingine nyingi mpaka akafika ule ukurasa mimi nilikuwa naujua kama kiganja changu. "Maskini. Mwisho amepigwa."

Nilimwambia haiwezekani. Akanionyesha jicho: hapa zima, hapa jekundu, hapa limefura. Akauliza, kwani kwetu jicho la mtu hufura halafu ndio linapigwa?

Nilihuzunika mara mbili kwa pigo moja. Kwanza yule kijana wangu alikuwa ameshindwa, na mimi nimefurahia miezi sita nikimwona anapona. Pili ni hiyo nyingine ambayo unaijua. Yule binti akauliza polepole kama ndiyo sababu watu hulala chini pale nyuma ya nyumba za kanju. Alikuwa ametuona akienda dukani. Alifikiri ni watu wa kupumzika. Akacheka ndani ya lile koti la mtu mpaka nikaogopa atameza sindano. Halafu akaacha ghafla.

"Na Jumapili mnaenda kupigana na watu?"

"Ndiyo."

"Basi waambie, kaka. Leo."

Nikasema nitawaambia.

Ijumaa nilienda posho mill nikiwa nimepanga maneno. Palikuwa na foleni ya akina mama na debe zao za mahindi. Jamaa alikuwa mweupe kichwa mpaka miguu, na kila mama akimwaga mahindi yake, yeye huku anangoja kinu kisage anavuta ngumi moja kutoka hewani mpaka kiunoni. Aliponiona akazima mashine. Akawaambia wale akina mama wote, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Wakageuka wote kuniangalia. Mmoja akasema nimechoka, wanipe kiti. Sasa niambie wewe, ungeanzia wapi? Nilimwambia asisahau kulala mapema.

Jumamosi sikwenda popote. Nilikaa kwangu nikijaribu kujishawishi kwamba labda Wajapani hawa ni tofauti.

Jumapili tulipanda na lori ya viazi iliyokuwa inarudi tupu. Baridi ya kule juu ilitupata na magunia yetu mapya mgongoni yameandikwa unga daraja la kwanza. Uwanja ulikuwa wa shule, na watu walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja, wazee kwa makoti, akina mama kwa vitambaa vya kichwa, watoto wamejaa juu ya ua. Yule mzee askari ndiye alikuwa refa. Mtu wao alikuwa kijana mfupi, mpole sana, mikono yake imekuwa ikikata miti tangu azaliwe.

Kijana akanyoosha mkono kusalimia. Mtu wangu akakataa kwa adabu.

"Bado," akamwambia, kwa sababu kwetu salamu zilikuwa za mwisho.

Watu wakanung'unika, hawa wa mjini wana madharau. Halafu mtu wangu akalala chali katikati ya uwanja, mikono kando, akaangalia mawingu.

Kijana wa miti akaangalia refa. Refa akaniangalia mimi.

"Mwalimu, huyu wako ni mgonjwa?"

Nikasema hapana, afande, ndiyo ameanza. Uwanja mzima ukacheka, hata mchungaji.

Mtu wangu akaruka juu, na kwa mwili ule ilikuwa kitu cha kuona. Akaweka ngumi yake taratibu kwa shavu la yule kijana, akaivuta. Ilienda kama umeme. Kijana aliisindikiza kwa macho ikienda zake mpaka kiunoni. Akangoja kidogo kama kuna kitu kingine kinakuja. Halafu, bila hasira yoyote, akampiga moja, ile ya mtu anayejua mti utaangukia upande gani.

Kila mtu alifikiri imeisha. Lakini kwa mtu wangu kuwa chini si kushindwa. Kuwa chini ni kuanza. Alishangaa tu vile ameanza tena bila kutaka, akaruka juu akitabasamu. Akapigwa. Akaanza upya. Mara ya tatu watu walikuwa wanashangilia. Mara ya nne mdomo ulikuwa umepasuka na kicheko kimepungua. Mara ya tano mama mmoja akasema kwa sauti, wacheni mtoto wa watu. Kijana wa miti mwenyewe hakutaka tena, alikuwa anamwangalia refa kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Refa akamuuliza mtu wangu kama ametosheka, na yeye akajibu kwa ule mdomo kwamba hata hajaanza vizuri.

Na akageuza uso kuniangalia. Mazoezini alikuwa anafanya hivyo kila mara, anataka nimwambie kama amepatia.

Nikaingia uwanjani.

"Kaa chini," nikamwambia. "Hicho kitabu nimekisoma vibaya. Kinaanzia upande ule mwingine."

Akatema damu, akafikiri. "Upande upi?"

"Wa nyuma. Kulala chini ndio mwisho. Huyo kijana alishindwa."

"Alishindwa?" Nikaona imemuuma kuliko mdomo. Akafuta kidevu kwa mkono wa gunia. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema sasa hivi. Watu wote walikuwa wanasikiza, na uongo ulikuwa umeshafika kwa ulimi, umevaa viatu.

"Alhamisi."

"Alhamisi," akasema, "nilikuwa na meno yote, mwalimu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mtu kuniita hivyo. Halafu akajilaza chini, mwenyewe, polepole, kama mtu anaingia kitandani, akamwambia refa, "Afande, basi nimemaliza."

Walitupa supu na viazi mpaka tukashindwa. Yule kijana mfupi aliketi karibu na mtu wangu akimpulizia kikombe kwa sababu mdomo haukuweza moto, na waliambiana mambo marefu ambayo mimi sikualikwa kusikia. Mimi nilikula nimesimama.

Kwa lori, kurudi, hakuna aliyeniongelesha. Tuliteremka mpaka ziwa likaonekana kule chini, na ndipo yule wa Kalasinga, aliyekuwa amekaa na magoti kifuani, akaniuliza.

"Na zile mbao?"

"Anazivunja," nikasema.

Akaangalia vidole vyake. Vilikuwa na makovu ya miezi sita. "Nilimwambia baba zimebaki kidogo zishike."

Aliyeanza kucheka ni wa posho mill, akashika mdomo kwa uchungu, akaendelea kucheka. Wengine wakafuata, na lori nzima ikacheka, isipokuwa mimi, ambaye sikujua kama nimeruhusiwa. Tulipofika nikawaambia nawaachia kitabu, mimi sitarudi tena, kila mtu anajua mahali pake na pangu ni stoo. Nilikuwa nimeitayarisha hiyo hotuba tangu Sachangwan, ilikuwa nzuri. Wa posho mill hakungoja iishe.

"Jumapili utakuja," akasema. Hakusema kama ananikaribisha au ananitisha.

Jumatano watu wetu watatu walienda kwa fundi kwa heshima zote, na sukari kilo moja, kuomba binti yake atusomee kitabu. Mzee alifikiri siku mbili. Akakubali kwa masharti: tufanyie mbele ya veranda yake, binti akae karibu na mama yake na kazi yake ya vifungo, na hakuna mtu kutoa shati. Binti alisema hajui neno hata moja la Kijapani. Wakamwambia hata yule wa kwanza hakujua.

Nilikwenda. Nilizunguka mtaa mara mbili kwanza, nikijifanya natafuta mtu. Nikapangwa mwisho wa mstari, nyuma hata ya kijana mmoja aliyejiunga Ijumaa. Binti alikuwa na kitabu kwa magoti, mgongo wake mkono wa kulia, na alisoma michoro kwa sauti ya mtu anayesomea watoto, bila haraka, akirudia mahali tulipokosea. Tuliinamiana kwanza. Ilikuwa ajabu sana kuinamia mtu kabla ya kitu chochote.

Halafu akasema tushikane wawili wawili. Wa posho mill akatoka mbele kabisa ya mstari, akapita watu wote, akaja akasimama mbele yangu. Mdomo wake bado ulikuwa mkubwa.

Alinishika gunia kwa kola, akanipakia mgongoni kama anavyopakia mahindi ya watu, akanibwaga. Nikasikia yule binti akisema, "Si mguu huo, kaka. Ule mwingine. Rudieni." Tukarudia. Nilibwagwa huku mama yake akihesabu kwa sauti, na nilipata kuuona upande wa chini wa paa la veranda ya fundi mara nyingi kuliko mtu yeyote Nakuru. Kama mara ya saba hivi wa posho mill aliniinua kwa mkono mmoja, akanipangusa vumbi mgongoni, polepole, kama anapangusa unga.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Vizuri," akasema, akanishika kola tena.